Shamba la Mjomba

Kambini, Tunduru
12 Februari 2024
(Leo ni miezi kumi na moja na siku tatu tangu niondoke.)

Kwako Mjomba Nassoro,

Shikamoo mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima na lile goti limepunguza ukali. Mama hajambo? Dada Chausiku na binti yake Nasra wanaendeleaje? Mimi afya ninayo, isipokuwa mgongo, na mgongo nimeshauzoea kama mtu anavyomzoea jirani mgomvi.

Nimeamua kuandika kwa sababu simu haitufai mimi na wewe. Juzi nilipanda kilima kizima kutafuta mtandao, nikakupigia, nikakuuliza habari za vigingi. Ukanijibu kwamba viungo mwaka huu bei mbaya. Nikapiga kelele, "Vigingi, mjomba, vigingi!" Ukasema afadhali iliki kidogo. Wenzangu walikuwa wanasikia. Tangu siku hiyo kambi nzima wananiita Iliki. Basi nimeshika kalamu, mwandiko wa darasa la saba, utanisamehe.

Chausiku ameniambia kuna watu wamepita kwetu Kibungule wakapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu, kuanzia juu kwenye karafuu zako, wakashuka mpaka nyuma ya nyumba ya mama. Mjomba, vigingi hivyo navijua kwa uzito. Ndivyo ninavyobeba begani huku kila siku. Kigingi kikishaingia kwenye shamba la mtu, shamba limekwenda, yanabaki maneno. Vikishapita vigingi inakuja fomu. Ikishapita fomu tunakuja sisi na misumeno ya mashine kufyeka mkuza, ile njia pana ya kupitisha nyaya. Kisha minara. Mti uliomaliza miaka thelathini ukikua tunauangusha kabla chai ya fomani haijapoa. Fomani wetu anaitwa Eustace. Si mtu mbaya, ila neno lake ni moja tu, "wakati, wakati", utadhani amemeza saa.

Na umeme wenyewe hauteremki. Unapita juu ya watu unakwenda kwa watu wengine. Wanatuuliza, "Na sisi tutawashiwa lini?" Tumefundishwa kujibu, "Utaratibu unakuja." Nimelisema neno hilo mpaka limenichubua ulimi.

Sasa nisikilize. Watakuja na fomu. Siku hiyo uwepo wewe mwenyewe. Usimwachie mama ajibu, yeye anawajibu wageni kama anavyoitikia salamu. Jina la mwenye shamba wanaliandika mara moja tu, na kalamu yao haifutiki. Waambie shamba ni la ukoo, la tombo letu, sisi wote tulionyonya kwa bibi mmoja, na wanaokaa hapo ni mama na Chausiku. Waandike hivyo hivyo.

Barua nampa dereva wa lori la vyuma anayekwenda Morogoro. Ataiacha Msamvu kwa Shakila muuza ndizi, naye akirudi Mkuyuni atakufikishia.

Mpwa wako,
Mwinjuma


Kibungule
3 Machi 2024

Kwa mpwa wangu Mwinjuma,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imenifikia ikinuka ndizi mbivu. Sisi wazima. Goti linauma mvua ikikaribia, kwa hiyo watu wanakuja kuniuliza kama waanike mpunga au wasianike. Mama yako mzima. Chausiku yuko kwenye palizi, Nasra ameingia darasa la sita, anatusomea hata maandishi ya kwenye mifuko ya saruji. Pole na mgongo. Na uache kunitangazia ukiziwi huko kambini, maana barua naisikia vizuri kuliko wewe unavyoiandika.

Watu wa fomu wametangulia kabla ya barua yako. Walikuja Jumanne, watu wanne. Mkubwa wao ni mwanamke anaitwa Magreth, mpole, alikuja na viatu vyeupe akarudi na viatu vyekundu.

Laiti ungekuwepo ucheke. Issa wa bondeni alipoona vigingi tu alipanda migomba sabini, imebanana kama watu kwenye foleni ya zahanati. Kijana wa kuhesabu akamwuliza, "Mzee, hii migomba ina umri gani?" Issa akamjibu, "Mizee sana hiyo, ilikuwa imejificha." Kisha ikawa kesi ya pilipili manga ya mtu mmoja iliyopanda mfenesi wa mtu mwingine. Nani aandikwe, mwenye mfenesi au mwenye pilipili? Walibishana mpaka adhuhuri. Watu ambao walikuwa wakiazimana chumvi juzi sasa wanahesabiana majani.

Kwetu ilikuwa hivi. Mimi nilikuwa juu kwenye karafuu, na goti likanichelewesha. Kijana akamwuliza mama yako, "Bibi, shamba hili la nani?" Mama yako akajibu kama tunavyojibu sote tangu tuzaliwe: "La mjomba." Akaongeza kwamba sisi ni tombo moja. Kijana ni mgeni wa huku, aliposikia neno hilo alikohoa, akaona haya kumwuliza mwanamke mzima maana yake. Akauliza tu, "Mjomba mwenyewe anaitwa nani?" Mama yako akasema, "Nassoro." Akaandika. Mmiliki, Nassoro.

Nilipofika walinisimamisha mbele ya nyumba ya mama yako, wakanipa ubao wenye namba nishike kifuani, wakanipiga picha kama mfungwa. Nilitaka kusema. Lakini wingu lilikuwa limeshafunga, kijana anakunja makaratasi, Magreth anatazama njia. Nikaweka kidole gumba.

Ni jina tu, mwanangu. Hapa kwetu nani asiyejua maana ya la mjomba? Wamesema nyumba zilizo ndani ya mkuza zitabomolewa, na kila aliyeandikwa atajengewa nyumba mbadala ya bati, vyumba vitatu, pamoja na shamba, kule tambarare karibu na Mkuyuni. Mama yako atakaa humo. Nani atamtoa? Mimi?

Punguza hasira, kula ushibe.

Mjomba wako,
Nassoro


Kambini, Tunduru
25 Machi 2024

Kwako Mjomba Nassoro,

Shikamoo mjomba. Ramadhani inakwendaje huko? Sisi tunafunga tunafyeka, tunafyeka tunafunga. Mama asijilazimishe kufunga na vidonge vyake vya presha, mwambie nimesema mimi.

Barua yako nimeisoma mara nne. Migomba ya Issa nimeicheka mara ya kwanza tu.

Si jina tu, mjomba. Nitakueleza jambo ambalo sijamweleza mtu.

Mwezi wa kumi mwaka jana tulikuwa kijiji kimoja huku cha Wayao. Wayao nao ardhi yao inafuata upande wa mama, kama sisi. Karani akamwuliza bibi mmoja shamba la mikorosho ni la nani. Bibi akasema, "La mjomba wetu." Mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka pale, vigingi begani. Katika watu wote wa mradi waliokuwepo pale, ni mimi peke yangu niliyejua bibi yule anasema nini. Nikanyamaza. Jua lilikuwa linanichoma, Eustace anasema wakati, wakati, na mimi nikajiambia maneno hayo hayo yako, ni jina tu.

Mwezi wa kwanza tukarudi na misumeno. Bibi amekaa kwenye mkeka nje, vyombo vyake vimepangwa pembeni kama anauza. Mjomba aliyeandikwa alikuwa amefariki mwezi uliotangulia, na mwanawe ametoka Masasi na karatasi mkononi, akaichukua nyumba mpya yeye na mkewe. Karatasi imesema mali ya baba yake, sasa nani ampinge? Bibi akanitazama akasema, "Wewe si ulikuwepo siku ile?" Nikawasha msumeno ili nisimsikie.

Ndiyo maana nakwambia si jina tu. Nilimsimulia Eustace mambo ya kwetu, kwamba Mluguru ardhi anaipata kwa mama, inakwenda kwa binti na kwa binti wa binti, na mjomba kazi yake ni kuilinda na kuisemea. Akacheka. "Kumbe mjomba kwenu ni askari wa getini!" Nilikasirika. Baadaye nikaona amesema kweli. Askari wa getini haandikwi mwenye nyumba.

Mjomba, una wana watano. Kwa sheria ya serikali na kwa dini yetu, mali iliyoandikwa jina lako ukifa ni ya wanao. Wanao ni wa ukoo wa mama yao. Mama yangu na Chausiku na Nasra watakuwa wamekaa kwa watu.

Orodha ya majina itabandikwa ofisi ya kijiji kwa siku thelathini. Ndani ya siku hizo, aliyeandikwa anaweza kusema mbele ya mtendaji kwamba jina limekosewa, wakabadilisha bila kesi. Zikipita, inakuwa taabu. Nenda siku ya kwanza. Kama goti linauma, panda bodaboda. Kama bodaboda hakuna, ubebwe.

Nijibu upesi.

Mpwa wako,
Mwinjuma


Kambini, Tunduru
9 Juni 2024
(Mwaka mmoja na miezi mitatu kamili.)

Mjomba,

Shikamoo. Goti je? Nauliza goti kwa sababu nimesikia habari zake nyingi.

Hujanijibu. Nilisubiri nikidhani mafuriko ya masika yamekata barabara. Kisha nikasema labda Shakila ameugua. Shakila ni mzima, anauza ndizi kila siku, na anasema barua alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaitia mfukoni ukaenda zako.

Juzi nimepanda kile kilima nikaongea na Chausiku mpaka salio likakatika. Nimeambiwa haya. Orodha ilibandikwa katikati ya mwezi wa nne. Wewe unapita mbele ya ofisi ile ukienda msikitini, mara tano kwa siku kwenda, mara tano kurudi. Siku thelathini. Piga hesabu mwenyewe umelipita jina lako mara ngapi. Katikati ya mwezi wa tano ikabanduliwa.

Mama alipokuita ulisema huwezi kutembea. Lakini wiki ile ile umeonekana Mkuyuni sokoni nyuma ya bodaboda, mbele yako mwanao Luqmani. Goti gani hilo linalopanda bodaboda likakataa kupanda ngazi mbili za ofisi ya kijiji?

Na Luqmani. Ametoka Kihonda na futi ya kupimia, amekwenda tambarare kwenye nyumba inayojengwa, anapima madirisha aweke mapazia. Chausiku akamkuta akamwuliza, "Kaka, unampimia nani?" Akamwambia, "Usiwe na wasiwasi dada, mtakuja kukaa. Mtakuwa wageni wetu, karibuni sana."

Wageni! Mama yangu ambaye kitovu chake kimezikwa pale Kibungule, mgeni wa Luqmani!

Chausiku analia kwenye simu, na mimi niko juu ya jiwe porini siwezi hata kumshika bega. Nikaomba niongee na mama. Unajua ananiambiaje? "Mwacheni. Nassoro ni mdogo wangu, nilimbeba mgongoni wakati mama anapanda mpunga. Hawezi." Hilo ndilo linaloniua, mjomba. Matusi yako ningeyavumilia. Imani ya mama siivumilii.

Nilikuwa na baba aliyetuacha nikiwa mdogo, hata sura yake siikumbuki. Aliyenifundisha kushika jembe ni wewe. Kwa hiyo unajua ninavyoumia kuandika hivi.

Idd inakuja wiki ijayo. Utakaa na mama kwenye sinia moja, utakula pilau aliyoipika. Mtazame usoni. Kisha uniandikie. Hata kama ni tusi, andika.

Mpwa wako,
Mwinjuma


Kibungule
30 Julai 2024

Kwa mpwa wangu Mwinjuma,

Marahaba, ingawa shikamoo yako safari hii ilikuja na miiba yake. Sisi wazima wa mwili. Nasra alipata homa, amepona. Mama yako yuko kama ulivyomwacha.

Nimechelewa kwa sababu kila nilipoanza barua nilijikuta naandika uongo. Sasa nina miaka sabini, nimechoka nao. Soma mpaka mwisho ndipo unitukane.

Ndiyo, nililipita jina langu. Siku ya kwanza nilikwenda kusema limekosewa. Nilikuwa nimepanda ngazi zile mbili. Nikalisoma. Nikarudi. Kesho yake nikaenda tena kulisoma. Mwinjuma, unajua jina langu limeandikwa wapi duniani? Kwenye kadi ya mpiga kura na kwenye kadi ya zahanati. Basi.

Unakumbuka nilivyokaa kwa mke wangu Mwanahawa, Mungu amrehemu. Miaka ishirini na sita nililima kwao. Mashimo ya migomba ile yote nilichimba mimi. Alipofariki, arobaini ikapita, kaka zake wakaniita kwa adabu, wakanipa chai na mihogo, wakasema, "Shemeji, tunashukuru sana." Nilielewa. Nikatoka na jembe na redio. Sikuwakasirikia. Ndivyo tunavyoishi, nami ningemfanyia hivyo hivyo mume wa Chausiku asingekuwa ametoroka mwenyewe.

Lakini wanangu. Kule kwa mama yao ardhi imegawanywa kwa mabinti mpaka imekuwa vitambaa. Luqmani yuko Kihonda anafyatua matofali ya watu, amepanga chumba ambacho akinyoosha miguu inafika mlangoni.

Mwaka ule ulipopata degedege nilikubeba mgongoni mpaka Mkuyuni, tukapata gari mpaka hospitali ya mjini. Siku nne nilikuwa nawe. Wiki ile ile Luqmani alikuwa anaumwa surua. Nilikuchagua wewe kwa sababu wewe ni mpwa, na mjomba ndiye anayeulizwa mpwa akifa. Luqmani alipona, ila jicho lake la kushoto ndilo lile unalolijua, halioni. Hajawahi kunisema kwa hilo. Mwezi wa nne alikuja, akakaa nami barazani, akaniuliza, "Baba, umekuwa mjomba wa watu maisha yako yote. Baba yetu utakuwa lini?"

Wewe ungejibu nini?

Tarehe 14 Mei nikaweka kidole kwenye fomu ya pili, ile ya kuthibitisha kwamba mali ni yangu. Nimekuambia, sasa umejua kutoka kwangu.

Sikukusahau. Shamba la tambarare lina vipande viwili, na chumba kimoja nimekutengea. Magreth amesema kipande cha chini kinaweza kuandikwa jina lako kabla ya kukabidhiwa. Wewe nawe una wana wawili kwa mkeo Zainabu, na unajua siku ukifa watarithi nini kwako. Hata fito hawapati. Fikiri kama baba mara moja.

Mama yako na Chausiku watakaa. Hakuna atakayewagusa maadamu niko hai.

Funguo zitatolewa Ijumaa, tarehe 20 Septemba, baada ya sala, ofisi ya kijiji. Wiki inayofuata mashine zinaanza kubomoa.

Mjomba wako,
Nassoro


Kambini, Tunduru
1 Septemba 2024
(Mwaka mmoja, miezi mitano na siku ishirini na tatu tangu niondoke.)

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mko wazima, na homa ya Nasra haijarudi. Mimi mzima.

Barua yako ilikaa kwa dereva mpaka wiki iliyopita. Nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Sikukutukana. Siku tatu nilikula peke yangu, mpaka Eustace akaniuliza kama nimefiwa.

Siku hizo tatu nitakwambia nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa najenga. Nafyeka mkuza wa watu, kichwani najenga kwenye kile kipande cha chini. Niliweka mlango, nikatazamisha dirisha upande wa mlima. Nikawapangia wanangu vitanda, mkubwa ukutani, mdogo karibu na mlango kwa sababu anaamka kukojoa. Umejua panaponiuma. Mimi pia nimelima kwa Zainabu miaka tisa, na mimi pia kila kaka zake wakiniita kunywa chai naangalia kwanza jembe langu liko wapi. Kwa hiyo usiseme sijui. Najua sana, na ndiyo maana nina hasira kuliko asiyejua.

Habari ya jicho la Luqmani sikuwa naijua. Miaka yote nilidhani alizaliwa nalo. Hilo limenikaa kifuani na halitoki. Akinidai mimi, anadai kwa haki, na nitamwambia hivyo ana kwa ana. Lakini aliyebebwa mgongoni siku ile ni mimi. Siyo Chausiku, siyo Nasra. Kwa nini wao ndio walipe kwa nyumba?

"Maadamu niko hai." Neno hilo nimelisoma mpaka karatasi imechanika kwenye mkunjo. Mjomba, una miaka sabini. Yule mjomba wa Tunduru naye alikuwa hai siku ya fomu. Mama akikutangulia wewe itakuwa heri yake. Wewe ukimtangulia mama, siku ya arobaini yako Luqmani atamwita dada yako, atampa chai na mihogo, atasema, "Shangazi, tunashukuru sana." Umeyaona hayo kwa macho yako, umeyanywa kwa kikombe, halafu unampikia dada yako chai ile ile!

Wale wa mradi wana kosa lao, na siwasamehe. Wanapitisha umeme wa nchi nzima juu ya vichwa vya watu, fomu yao ina mstari mmoja tu wa jina, na anayeuliza anaona haya kuuliza neno asilolijua. Wangekaa nusu saa wakanywa maji, mama angewaeleza. Lakini mara ya pili hakukuwa na wingu wala haraka. Fomu ile ya pili uliifuata mwenyewe, ukakalishwa kwenye kiti, ukapewa wino. Kidole kile ni chako.

Sasa nakueleza nitakalofanya, na sikuombi ruhusa.

Nimemwuliza karani wa huku, mtu anayezijua sheria zao. Anasema kabla ya funguo kutolewa, aliyeandikwa anaweza bado kusimama mbele ya mtendaji na mashahidi akasema mali hii si yangu, ni ya fulani, wakaandika upya. Funguo zikishatoka, ni mahakamani, na mahakamani huko mama atazeeka mara ya pili. Amesema pia jambo jingine. Miti inaweza kuandikwa mbali na ardhi.

Fikiri hapo. Kwetu tangu zamani anayepanda mti, mti ni wake, hata kama udongo ni wa wengine. Karafuu zile za juu ulizipanda wewe kwa mkono wako, mimi nilikuwa nakushikia miche. Hakuna mtu wa tombo letu atakayesema si zako. Fidia ya karafuu zote waandikwe wanao, wote watano, na Luqmani awe wa kwanza. Sitataka hata jani. Hiyo ndiyo mali ya baba, jasho lake. Umekuwa nayo miaka yote, ukaiacha ukaenda kuchukua ya dada yako.

Nyumba na ardhi, vipande vyote viwili, ziandikwe mama yangu Zuleha na Chausiku. Kwa majina yao. Tusiseme tena la mjomba mbele ya mtu mwenye kalamu. Kipande ulichonitengea nacho ni chao, na chumba pia. Wanangu nitawaeleza mwenyewe, wakue wakijua baba yao alikataa nini, na wakinikasirikia ni haki yao.

Nilimwambia Eustace naondoka. Akasema, "Iliki, ukiondoka katikati ya mkuza nafasi haikungoji." Nikamwambia, fomani, sijawahi kungojwa na kitu. Akanitazama, akanipa mkono. Huyu bwana wa wakati, wakati, alikaa nami dakika nzima bila kutazama saa.

Nitakuja mpaka mlangoni kwako. Nitakuamkia, maana mama angenichapa nisipokuamkia. Tutakwenda ofisi ya kijiji pamoja, na goti likikataa nitakubeba mimi, kama ulivyonibeba wewe. Ukisimama ukasema kweli mbele ya watu, yamekwisha kati yetu, nitakulimia mpaka ufe. Usiposimama, nitasimama mimi, nitasema yote mbele yako na mbele ya mama, na huyo mdogo wake anayemwamini atamsikia kwa masikio yake.

Luqmani mwambie nakuja. Mwambie asiweke mapazia.

Natoka huku Jumatatu, tarehe 16. Nitashuka Mkuyuni Jumatano, tarehe 18 Septemba, kwa gari la asubuhi, na kabla ya adhuhuri nitakuwa kwako.

Mwana wa dada yako,
Mwinjuma